Chungu na Mpishi Mgeni

Njooni, wanangu, sogeeni karibu. Leo tuna swali linalowatoa jasho hata wakubwa. Kwa nini watu wazima, wenye akili zao, humpa uongozi mtu ambaye hajawahi kuongoza?

Swali zuri hilo! Aliyeuliza ana kichwa kinachochemka, nami nampenda mtoto wa namna hiyo. Basi tumwite Chungu atujibu. Chungu amewaona wapishi wengi.

"Mimi nakaa uani, juu ya mafiga matatu," Chungu akaanza. "Wapishi wangu ni wa koo mbili. Ukoo mmoja ukiachia mwiko, mwingine unaushika. Wote wamesomea upishi. Wote wanajua kusema. Lakini watoto wa upande mmoja wa ua wakileta sahani, wanakuta ukoko. Leo ukoko. Kesho ukoko. Wakilalamika, wanaambiwa: chakula kilikuwepo, nyinyi mmechelewa. Siku moja akapita mtu barabarani. Mwiko hajawahi kuushika. Akachungulia, akapaza sauti: 'Nyinyi mna njaa, na wapishi hawa wanawacheka!' Watoto wakatazamana. Wakasema, huyu walau ameiona njaa yetu. Wakampa mwiko."

"Lakini Chungu, kama hajui kupika?"

"Walioshiba waliuliza hivyo hivyo. Wenye njaa wakajibu: na hao wanaojua, wametupa nini?"

Mmesikia, wanangu? Sasa twende Marekani, kwenye mji wa Erie, jimbo la Pennsylvania, kando ya ziwa kubwa. Kwa miaka mingi watu wa huko walitengeneza vichwa vya treni. Baba alifanya kazi kiwandani, na mtoto akamfuata. Kisha kazi zikaanza kupungua. Mwaka 2015 kiwanda cha vichwa vya treni kilitangaza kwamba kitapunguza watu wapatao 1,500. Fikirieni mezani jioni hiyo palisemwa nini.

Mwaka uliofuata, 2016, Donald Trump aligombea urais. Alikuwa mfanyabiashara na mtu wa televisheni. Hakuwa amewahi kushika cheo chochote cha serikali, cha kuchaguliwa wala cha kuteuliwa, wala kuwa mwanajeshi. Hakuna rais wa Marekani kabla yake aliyeingia madarakani hivyo. Mpinzani wake, Hillary Clinton, alikuwa amewahi kuwa seneta na waziri wa mambo ya nje. Eneo la Erie, lililompigia kura Barack Obama wa chama cha Clinton mwaka 2012, safari hii lilimpa Trump ushindi mwembamba.

"Mjomba, ina maana wote waliomchagua Trump walikuwa na njaa?"

Hapana, na umefanya vizuri kuuliza. Wengi walimchagua kwa sababu walikuwa wa chama chake cha Republican siku zote. Wengine walikuwa na pesa zao. Wengine walikasirishwa na wahamiaji. Wengine walichoka kudharauliwa. Septemba 2016 Clinton alisema nusu ya wafuasi wa Trump wangeweza kutiwa kapu moja la watu wabaya. Baadaye alijutia kusema "nusu", lakini neno lilikuwa limeshafika. Mtu aliyedharauliwa husahau mengi, ila dharau haisahau.

"Na nchi nzima ilimtaka Trump?"

Hapana tena. Clinton alimzidi kwa karibu kura milioni 3. Lakini Marekani rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo. Wako 538, na anayepata 270 ameshinda. Trump aliwapata kwa sababu alishinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ndogo. Ukizijumlisha tofauti hizo tatu, hazifiki kura 80,000.

Chungu anataka kuongeza neno. "Msidhani mpishi mgeni hapimwi. Yeye naye hufunuliwa kifuniko." Kweli kabisa. Mwaka 2020 eneo la Erie likamchagua Joe Biden, mpinzani wa Trump. Mwaka 2024 likarudi kwa Trump. Kila mara watu wanafunua chungu, wanatazama ndani, wanaamua.

Haya, swali gumu kuliko yote. Ndugu wawili wamepiga kura tofauti. Watazungumzaje?

Desemba 2016, wiki chache baada ya uchaguzi, watu 21 walikutana katika mji mdogo wa South Lebanon, jimbo la Ohio. Kumi walikuwa wa Trump, kumi na mmoja wa Clinton. Mmoja wa waliowaandalia mazungumzo hayo ni Bill Doherty, mtu aliyezoea kuwapatanisha wanandoa. Hakuwaambia wabishane. Kila upande uliandika mabaya yanayosemwa juu yake. Kisha ukajibu: ukweli wetu ni upi? Na je, katika hayo mabaya hakuna hata chembe ya kweli? Hakuna aliyeombwa kuhama upande. Waliombwa wasikilizane. Kazi hiyo ilikua, na leo inaendelea kwa jina la Braver Angels.

"Mjomba, nikimsikiliza, ina maana nimekubali?"

La, mwanangu! Desemba 2015 Trump alitaka Waislamu wazuiwe kuingia Marekani. Mtoto Mwislamu wa huko alikuwa na haki ya kuogopa, na haki ya kusema: hili si sawa. Kumwelewa mtu hakukunyang'anyi ulimi wako. Kunakupa nafasi ya kumjibu yeye mwenyewe, badala ya kumjibu mtu uliyemtunga kichwani.

Basi mkibishana na rafiki, fanyeni hivi. Msimuulize, "Una wazimu gani?" Muulizeni, "Umeona nini hata ukafikiri hivyo?" Nyamazeni mpaka amalize. Rudieni maneno yake mpaka aseme, "Naam, ndivyo." Hapo sasa toeni yenu, bila tusi, bila woga.

Ni kazi ngumu. Wakubwa wengi inawashinda. Ndiyo maana nawafundisha nyinyi mapema, kwa sababu siku moja kura zitakuwa mikononi mwenu, na nataka mzipige mkiwajua majirani zenu.