Hazina ya Nyota Isiyo na Mlinzi Mlangoni

Mwezi wa Machi 1872, Henry Stanley alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, kurejea pwani, amana kubwa aliyokabidhiwa ilikuwa shajara ya msafiri Livingstone iliyotiwa lakiri. Msafiri yule alikuwa na ada ya kupima mwinuko wa jua na nyota ili ajue yu wapi duniani, na kwa miaka mingi vipimo vyake alivipeleka kwa Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha falaki cha Rasi ya Tumaini Jema, avihakiki kwa hesabu. Elimu ya nyota, basi, ilisafiri kwa miguu ya wapagazi, na mzigo ukizama mtoni, nayo huzama.

Leo hapa Puge, takriban nusu ya njia baina ya Tabora na Nzega, mwanafunzi mwenye simu ya intaneti aweza kuifungua mbingu nzima. Wanafalaki wa mataifa mbalimbali walishikamana mwaka 2002, si kwa kujenga darubini mpya, bali kwa kuafikiana namna moja ya kupanga majedwali, ya kutaja mahali nyota ilipo na ya kuuliza swali, hata hazina za data za Strasbourg, Ufaransa, na za Baltimore, Marekani, ambazo hapo awali kila moja ilikuwa na utaratibu wake, zikaweza kulijibu ombi lile lile. Kwa programu ya Aladin, iliyotungwa Strasbourg, msomaji huweka picha ya nuru ya kawaida juu ya picha ya eksirei ya mahali pale pale, akaona kwa macho yake kile ambacho darubini moja pekee haikioneshi.

Na katika hazina hizo limo fungu lililotoka kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za mbinguni, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Nayo ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na vipimo vyake vya kimojawapo, Cygnus X-1, viliwasaidia wanazuoni kutambua kwamba huko lipo shimo jeusi. Setilaiti ilinyamaza mwaka 1973, ilhali data zake zingali zikisomwa.

Wala tusidhani kwamba mlango huu ni wa mabingwa peke yao: mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa shule huko Uholanzi, akitazama picha za darubini ya Sloan mtandaoni, aliona wingu la gesi ambalo hakuna aliyepata kuliona kabla yake. Najua bando lina gharama vijijini, na hilo ni zito kuliko ugumu wa elimu yenyewe; lakini simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Nawasihi walimu wa fizikia wa Puge na Nzega wafungue Aladin Lite, toleo jepesi la programu ile, waandike Cygnus X-1, na wawaache vijana watazame. Hakuna ada inayotozwa, wala kibali kinachoombwa.