Utata wa Jina "Yungiyungi" katika Maelekezo ya Upandaji wa Maua ya Kinamasi

Makala haya yanafafanua jinsi jina moja la Kiswahili linavyoweza kuathiri upandaji wa maua katika bustani yenye unyevu wa kudumu. Jina hilo ni yungiyungi. Kwa kawaida hutaja ua la majini la jenasi ya Nymphaea. Hata hivyo, huweza kutumika pia kwa maua ya jenasi ya Lilium na kwa Zantedeschia aethiopica, ua jeupe lenye asili ya kusini mwa Afrika. Mimea hii mitatu haina mahitaji sawa ya maji.

Kiini cha tofauti hiyo ni oksijeni. Katika maji, oksijeni husambaa kwa kasi ndogo takribani mara 10,000 kuliko hewani. Hivyo, mzizi uliomo katika udongo uliojaa maji hukosa pumzi. Nymphaea hukabili hali hiyo kwa majani yanayoelea, ambayo stomata zake ziko upande wa juu, na kwa mifereji ya hewa inayoteremka ndani ya vikonyo hadi kwenye shina lililozama topeni. Zantedeschia si ndugu wa Lilium bali ni ya familia ya magimbi na, kama gimbi, huvumilia tope. Lilium, kinyume chake, huhifadhi chakula katika tunguu lenye magamba laini, ambalo huoza likikaa katika maji yaliyotuama.

Kwa msingi huo, bustani chepechepe igawanywe kwa kuzingatia kina cha maji. Nymphaea ipandwe katika chombo chenye udongo wa mfinyanzi, kisha izamishwe mahali penye jua, kwa kuwa kivulini huchanua kwa nadra. Zantedeschia ipandwe ukingoni, katika shimo la kina cha sentimita 40 hivi, lililotandikwa nailoni yenye matundu machache ili maji yapungue polepole. Lilium ipandwe kwenye tuta lililoinuliwa.

Hivyo basi, utata huu si suala la kamusi pekee. Mkulima anayeelezwa kwamba yungiyungi hupenda maji, akazika matunguu ya Lilium kinamasini, atapoteza mbegu na msimu ilhali ametii maelekezo. Inapendekezwa kwamba maandishi ya ugani yatumie yungiyungi-maji kwa Nymphaea pekee, na kila jina liandamane na jina la kisayansi pamoja na kina cha maji kinachohitajika.