Kwa Miguu Hadi Al-Azhar

Mwenyezi Mungu alitujaalia kufika Cairo, nasi tulifuatana na mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka saba. Kufika mji ule na kurejea bila ya kuizuru Al-Azhar tuliona ni hasara kubwa, tukaazimu kwenda kwa miguu.

Tulitoka asubuhi, kabla jua halijawa kali, tukachukua maji na tende, maana mtoto mwenye kiu hasikilizi ilimu. Tulipita Msikiti wa Sayyidna Hussein, tukashuka katika njia ipitayo chini ya barabara kuu, tukatokea ng'ambo kwenye Lango la Vinyozi. Mtoto alicheka aliposikia jina hilo. Tukamweleza kuwa zamani wanafunzi walikuwa wakinyolewa hapo.

Tulivua viatu tukaingia katika behewa la marumaru nyeupe, lililozungukwa na nguzo pande zote. Miguu ya mtoto ilikuwa imechoka, basi tukakaa kivulini. Yeye akaona mnara wenye vichwa viwili, uliojengwa na Sultani Qansuh al-Ghuri, akataka kujua kwa nini vichwa ni viwili. Sisi tukamhadithia mambo ya mahali pale.

Msikiti huu ulianzwa kujengwa mwaka 970 na Jawhar as-Siqilli, jemadari wa Mafatimi, na ukafunguliwa kwa sala mwaka 972. Haukupita muda mrefu darsa zikaanza kusomeshwa ndani yake. Dola ya Mafatimi ilipoanguka, sala ya Ijumaa ilikatika hapo kwa karibu miaka mia, hata Sultani Baybars alipoirudisha mwaka 1266. Wanafunzi wa kila nchi walikuwa na riwaqi yao, yaani makazi yao ndani ya msikiti. Watu wa Uhabeshi na Pembe ya Afrika walikuwa na riwaqi ya Jabarti, na katika ukoo wa watu hao alitoka Abdurrahman al-Jabarti, mwanahistoria aliyeandika habari za Wafaransa kuivamia Misri mwaka 1798.

Mtoto akauliza: "Babu, na wasichana husoma hapa?"

Tukamjibu: "Naam, mjukuu wangu. Sheria ya mwaka 1961 iliongeza vyuo vya utabibu, uhandisi na vinginevyo, na chuo cha wasichana pia. Madarasa hayo yako nje ya msikiti huu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mbona dada ulimwambia yatosha?"

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jawabu. Dada yake alipohitimu msahafu tulimwombea dua, tukamwambia akae nyumbani amsaidie mama yake. Na wavulana wa rika lake tukawaendeleza katika nahau na fiqhi. Ndivyo tulivyofanya miaka mingi katika chuo chetu, nasi tukidhani ni desturi njema. Sisi wenyewe hatukupata ila chuo cha Kurani na skuli ya msingi, na huzuni ya kukosa zaidi twaijua. Vipi basi tuliwarithisha wengine huzuni ile ile? Mtume, s.a.w., ameifanya ilimu kuwa faradhi kwa Waislamu, wala hakuwatenga wanawake.

Tuliporudi nyumbani tulimwita yule mjukuu mkubwa, tukamtaka radhi. Sasa ameanza nahau, pamoja na wenziwe watano, kila baada ya alasiri.

Nasaha yetu kwa wazazi ni hii: wachukueni watoto wenu, wa kike na wa kiume, mwende nao taratibu mahali pa ilimu, hata kama ni msikiti wa mtaa wa pili. Mwacheni mtoto aulize, na swali lake likikuumeni, msimkaripie, bali jitazameni nafsi zenu. Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin.