Bampa Huzaliwa Kubwa

Ukifika Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ukaulizia bampa la mbele la Toyota IST, muuzaji hakutajii bei kwanza. Anakurudishia swali: "Bosi, orijino, ya Taiwan, au yuzdi ya Japani?" Wengi wetu hujibu kwa kupapasa mfuko. Mfuko ni mshauri mzuri, lakini haujui kwamba bampa, taa, kioo cha pembeni na nembo ni viumbe wanne tofauti. Kinachofaa kwa mmoja chaweza kuwa hasara kwa mwingine.

Tuanze na bampa, maana ndilo linalovunjika zaidi na ndilo linalosingiziwa zaidi. Kitu tunachokiita bampa ni ganda tu. Nyuma yake kuna povu gumu, na nyuma ya povu kuna boriti ya chuma iliyofungwa kwenye fremu ya gari. Hiyo boriti ndiyo inayopokea kishindo. Geuza ganda utazame upande wa ndani, mara nyingi utakuta maandishi madogo kama haya: PP+EPDM-T20. PP ni polipropilini, plastiki ileile inayotengeneza ndoo na viti vya bustani, ambayo Mwitaliano Giulio Natta aliitengeneza katika hali yake imara mjini Milan mwaka 1954. Kazi hiyo na nyingine za aina yake zilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963, pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. EPDM ni mpira, uliochanganywa humo ili ganda lijikunje badala ya kupasuka. T20 maana yake asilimia 20 ya uzito ni talki, jiwe laini linalosagwa pia kuwa poda ya watoto. Bila talki bampa lingelegea juani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo muuzaji hakuelezi. Plastiki iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi zaidi ya 200, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye uzito wa tani kadhaa. Ikipoa, hurudi, kama kanzu ya pamba inavyorudi baada ya kufuliwa. Mchanganyiko huu hurudi kwa takribani asilimia 1. Sikia hesabu yake: bampa la upana wa mita 1.7 hupungua milimita 17, unene wa kidole gumba. Kwa hiyo kalibu huchongwa kubwa kuliko bampa lenyewe, na mchongaji anatakiwa kujua mapema kila kona itarudi kiasi gani. Na kona hazirudi sawasawa. Palipo nene hupoa polepole na kurudi zaidi. Upande plastiki ilikotiririkia hurudi tofauti na upande wa kukingama.

Mwenye gari lake, yaani Toyota, ana michoro, na ana rekodi za majaribio ya plastiki hiyohiyo ndani ya kalibu hiyohiyo. Mwenye kiwanda cha kopi mara nyingi hana mchoro. Ananunua bampa lililokwisha kutengenezwa, analipima kwa mashine ya kuskani, halafu anaanza kurudi nyuma akikisia: hili lilizaliwa na ukubwa gani? Kisha anatumia plastiki yake, yenye mpira na talki kwa kipimo chake. Kiwanda makini hukisia, hujaribu, husahihisha kalibu, hujaribu tena. Kiwanda chenye haraka hulitoa bampa kabla halijapoa vizuri ili kupunguza sekunde chache kwa kila moja, nalo linaendelea kurudi likiwa nje, sakafuni, likijipinda litakavyo. Huko ndiko unakotoka ule mwanya kati ya bampa na fenda ambao kidole kinapita. Fundi bodi anaupunguza kwa moto, kwa magoti, na mwisho kwa skrubu.

Skrubu hiyo nayo ina mambo yake. Plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma. Gari lililolala nje alfajiri ya Dodoma likakutwa juani saa nane mchana laweza kupata tofauti ya nyuzi 40 kwenye ngozi yake. Chuma cha upana wa bampa kitaongezeka chini ya milimita 1, bampa lenyewe milimita 4 au 5. Waliolisanifu walilijua hilo, ndiyo maana matundu mengi ya kufungia ni marefu kidogo na klipu zinaruhusu ganda kuteleza. Bampa lililokomelewa kwa skrubu mahali pasipo na tundu halina pa kwenda, kwa hiyo mchana linafanya mawimbi. Watu husema "plastiki mbovu hii", kumbe limefungwa minyororo.

Je, bampa la kopi linahatarisha maisha? Wamarekani wamelibishania hili miaka mingi na mahakamani. Mwaka 1987 taasisi yao ya usalama barabarani, IIHS, ilichukua Ford Escort, ikaivua mapambo ya mbele, fenda, grili na magamba ya milango, ikaiwekea boneti ya kopi, halafu ikaigongesha ukutani. Matokeo kwa sanamu zilizokaa ndani hayakutofautiana sana na ya gari lililovaa kila kitu. Wakarudia na Toyota Camry ya 1997, kwa mwendo wa takribani kilomita 64 kwa saa, likawa lilelile. Haya, taasisi hiyo hugharimiwa na kampuni za bima, na kampuni za bima ndizo zilizokuwa na hamu ya vipuri vya bei nafuu, kwa hiyo msomaji ana ruhusa ya kukunja uso. Lakini fizikia haipokei mshahara wa bima: ganda halibebi mzigo, boriti ndiyo inayobeba. Mwaka huohuo wa 1987 likaanzishwa Marekani shirika liitwalo CAPA la kupima kopi na kuzibandika stika zile zinazofaulu, na kipimo kimojawapo ni kuifunga kopi kwenye gari halisi na kutazama mianya. Ubishi haukuishia hapo. Mwaka 1999 baraza la wazee wa mahakama huko Illinois liliiona kampuni ya bima ya State Farm kuwa na makosa kwa kuwatengenezea wateja magari kwa vipuri visivyo vya kiwanda, na hukumu ikazidi dola bilioni 1. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaifuta.

Kwa hiyo ganda la kopi halitakuua. Boriti ya kopi ni habari nyingine, maana chuma laini na chuma kigumu hupakwa rangi nyeusi ileile, na jicho halivitofautishi. Kama boriti imepinda, mimi ningetafuta ya gari lilelile iliyonyooka, hata kama imetumika.

Na hapa ndipo ile yuzdi ya Japani inapostahili heshima kuliko inayopewa. Japani wanaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, na magari kama IST, Premio na Probox tuliyapokea kutoka kwao yakiwa yameshatembea. Bampa lililovuliwa kwenye gari lililokatwa kule ni la kalibu ya kwanza, limekwisha kurudi, limeshatulia. Ukibahatika linakuja na rangi ya gari lako. Tazama kibao cha chasisi chako ulinganishe, kwa mfano 1F7 ni fedha na 202 ni nyeusi kwa Toyota. Ubovu wake hujificha sehemu mbili: masikio ya kufungia yaliyokatika, na ufa uliozibwa kwa pati kisha ukapigwa rangi. Vyote viwili huonekana ukiligeuza. Ila kuwa mwangalifu na umri wa gari. IST ya kwanza ilitoka 2002 hadi 2007, na mwaka 2005 ilibadilishwa sura. Bampa la kabla na la baada hayavai gari moja, ingawa namba ya chasisi yaweza kuwa ileile, NCP60. Tarakimu tano za mwanzo za namba ya kipuri cha Toyota hutaja aina ya kitu, kwa ganda la bampa la mbele ni 52119. Zinazofuata ndizo zinazotaja gari gani hasa, na ndizo za kumsomea muuzaji kwenye simu.

Taa ya mbele haina msamaha kama wa bampa. Kioo chake si kioo siku hizi, ni polikaboneti, plastiki ngumu ambayo jua huigeuza njano isipokingwa. Kinga yake ni utando mwembamba uliopakwa kiwandani, na hapo ndipo pa kubania gharama, kwa kuwa dukani taa zote zinang'aa. Utando hafifu huanza kufifia mapema kwenye jua letu. Ndani yake kuna kiakisi, na kosa dogo la pembe hapo linapeleka mwanga kwenye macho ya anayekuja. Taa nyingi za magari ya Toyota hutengenezwa na Koito, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1915. Taa ya Koito ni orijino hata ikikosa boksi la Toyota. Kuna pia kopi za heshima, kama Depo na TYC za Taiwan. Tafuta herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba. Namba hiyo ni nchi iliyoidhinisha, si iliyotengeneza: 43 ni Japani, 4 ni Uholanzi, 1 ni Ujerumani. Mhuri waweza kughushiwa, lakini kopi isiyo nao imeshakupa jibu.

Kuna taa orijino ambayo sikushauri hata ukipewa bure: ile ya Land Cruiser iliyokuja kupitia Dubai. Kule wanaendesha kulia, na taa zao huinua mwanga upande wa kulia kumulika ukingo wa barabara yao. Huku kwetu upande huo ndio anakotokea mwenzako. Kwenye taa zenye alama ya E, iliyotengenezewa waendeshao kushoto huwa na mshale unaoelekea kulia kwako unapoitazama ukiwa mbele ya gari.

Vioo vya pembeni nitavipitia haraka, maana kila mwenye gari mjini anavijua kwa uchungu. Kopi nafuu hukosea mbinuko wa kioo, na mbinuko ukibadilika umbali wa gari la nyuma nao unadanganya. Orijino ya bei ya ajabu huenda jana ilikuwa kwenye gari la mtu. Ndiyo sababu watu huchora namba za gari kwenye vioo na taa, na wengine hupiga ribiti.

Nembo na grili ya kung'aa ndivyo vilivyonishangaza zaidi. Ule mng'ao ni kromu iliyopakwa juu ya plastiki ya ABS. Plastiki hulowekwa kwenye asidi inayokula vipunje vya mpira vilivyomo na kuacha vishimo, shaba ikajishikiza humo, juu yake nikeli, na mwisho kromu isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Anayetaka kupunguza gharama hupunguza shaba na nikeli. Tanga na Mombasa, chumvi ya hewani huliona hilo upesi, na kromu ikatoka kama ngozi iliyoungua.

Nembo ina upande wa sheria pia. Januari 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Audi dhidi ya muuza spea wa Poland. Grili zake hazikuwa na nembo. Zilikuwa na kitako tu cha kupachikia nembo, chenye umbo la zile pete nne. Mahakama ikasema umbo la kitako lenyewe laweza kuhesabiwa kuwa matumizi ya alama ya biashara, na mwenye alama anaweza kulizuia.

Lakini sababu yangu ya kutobania pesa kwenye nembo si sheria. Kwenye Toyota nyingi za karibuni, nyuma ya nembo ya mbele kuna rada inayopima umbali wa gari lililotangulia na kuamuru breki. Mawimbi yake, ya masafa ya gigahezi 77, yana urefu usiofika milimita 4, na kromu ya kawaida huyazuia kama ukuta. Kwa hiyo nembo halisi hung'arishwa kwa madini ya indiamu, yanayokaa katika visiwa vidogo visivyogusana. Jicho linaona chuma, rada inaona njia. Lipachikie gari kopi ya kromu, nalo linapofuka huku likipendeza. Rangi nzito yenye chembe za metali juu ya bampa inaweza kuwasumbua vivyo hivyo wale wenye rada za pembeni.

Tumalizie kwa fundi rangi: polipropilini haipendi kushikwa na rangi. Kiwandani huandaliwa kwa mwali wa moto au kwa praima yake maalumu. Mtaani inahitaji kuoshwa mafuta ya kalibu, kukwanguliwa, na kupigwa praima ya plastiki, la sivyo rangi inabanduka kwa vipande siku ya kwanza ya kuoshewa gari kwa presha. Kabla ya hatua hiyo, mwambie fundi alivishe bampa likiwa jeusi vilevile, klipu zote, taa zikiwa mahali pake na boneti imefungwa, kisha uzunguke gari ukitazama mianya. Maduka mengi hukubali kubadilisha bampa lililogoma kuvaa. Lililokwisha kupigwa rangi hawalirudishi.