Saa Imesema Kalori 500? Usizirudishe Zote

Kuna bishano limeweka kambi kwenye maskani za Jang'ombe, hapa Unguja, na linanoga ikigonga saa moja usiku, masela wametoka kwenye tizi na jezi bado zimelowa jasho. Swali ni hili: ukishachoma kalori uwanjani, uzirudishe kwa msosi au ukaushe ulale hivyo hivyo? Kundi la kwanza linasema mwili umepiga kazi, lazima ule. La pili linasema ukigonga msosi baada ya tizi umefuta kila kitu. Makundi yote mawili yana hoja, tatizo lao ni moja: wanabishana juu ya namba ambayo haiko sawa.

Kitaa hiki hakihitaji mtu wa kukihubiria mazoezi. Mapinduzi Cup ya 2017 Jang'ombe iliingiza timu mbili, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe, na zote zikapangwa kundi moja na Simba. Alfajiri vikundi vya jogging vinashuka Maisara kwa nyimbo na makofi. Kila tarehe 1 Januari vilabu vya mazoezi vya Unguja vinatoka barabarani kwa Siku ya Mazoezi Kitaifa, mabonge kwa wembamba, wazee kwa madogo. Kukimbia tunakimbia kinoma. Ila kuna washkaji wanapiga tizi mwezi wa tatu sasa na mkanda haujarudi hata tundu moja, na wanaanza kukata tamaa. Hao ndio ninaowaandikia, maana tatizo lao lina dawa.

Tuanze na namba

Saa janja zimeenea mtaani, na nyingi zinampa mtu namba tamu. Umekimbia nusu saa, inakwambia umechoma 450 au 500. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa saba za mkononi. Kwenye mapigo ya moyo nyingi zilisoma freshi. Kwenye kalori zote zikazingua: iliyojitahidi kuliko wenzake ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mkiani kwa asilimia 93.

Piga hesabu mwenyewe, ni nyepesi. Kukimbia kilomita moja kunachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Una kilo 70 na umekwenda kilomita 5, hapo ni kama 350. Humo ndani kuna kama 40 ambazo ungezichoma hata ungebaki barazani unacheza bao, kwa sababu moyo na ubongo havilali. Tizi lenyewe limeongeza kama 310. Saa ikizidisha kwa asilimia 27 inakuonesha karibu 445. Ukila kwa kuifuata, tayari umekula 135 zaidi ya zilizoongezwa na tizi.

Sasa geuza shingo uangalie msosi. Umetoka uwanjani, unakaa kwenye benchi la mama muuza urojo. Anachota ule mchuzi wa njano, mzito, wenye ukali wa ndimu na embe. Anatia viazi, anavunja kachori mbili juu yake, anaongeza bajia, yai la kuchemsha, nyama ya mshikaki, chatne ya nazi, halafu anafunika bakuli zima kwa chipsi za muhogo na pilipili. Mchuzi wenyewe hauna makuu. Mzigo uko kwenye vya kukaanga, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120. Kachori, bajia na chipsi zikiwa zimefyonza vijiko viwili tu, hizo ni 240. Soda ya mililita 350 ya kuteremshia inakaribia 150. Jumla 390, na viazi, yai na nyama bado hatujavigusa. Kilomita zako 5 zimekwisha kabla hujafika nusu ya bakuli.

Simlaumu mama, urojo wake ni mtamu na ni fahari ya Unguja. Ninachotaka ujue ni kwamba kuchoma kalori 300 kunakula nusu saa ya jasho, na kuzirudisha kunakula dakika tano.

Wahadza wametuonesha kitu

Ushahidi mzito wa jambo hili umetoka hapa hapa Tanzania, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya Wahadza, ndugu zetu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watu wazima 30 walinyweshwa maji yenye atomi zilizowekewa alama, halafu mkojo wao ukapimwa kwa siku kadhaa. Njia hiyo inaonesha mwili umetumia nguvu kiasi gani kwa siku, na haina ubabaishaji wa saa za mkononi. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitegemea wawe wanachoma kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda ofisini. Ukizingatia ukubwa wa miili, walikuwa karibu sawa.

Maana yake mwili unajua kubana. Ni kama mama mwenye nyumba: umeme ukila hela nyingi mwezi huu, anapunguza nyama. Ukikaza sana upande wa tizi, mwili unapunguza matumizi pengine, na wewe mwenyewe unajikuta unakaa zaidi, unapanda daladala kwa safari ambayo zamani ulitembea. Mwaka 2021 utafiti mwengine uliokusanya vipimo vya watu wazima zaidi ya 1,700 ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya kalori za ziada za harakati zinafidiwa na mwili. Zile 310 zako za kukimbia, faida yake halisi kwa siku ni kama 220.

Basi tufanyeje?

Kama unataka kupungua na tizi lako ni la kawaida, yaani jogging ya nusu saa, kamba, au jimu chini ya saa moja, usirudishe kitu. Kunywa maji, kula mlo wako wa usiku uliokwishaupanga, lala. Mwili una akiba ya kutosha kwa kazi hiyo. Na ukipanda mizani baada ya mechi ukaona kilo moja imekwenda, usidate. Hilo ni jasho, na maji yatarudi.

Kama umepiga mechi ya dakika 90 ya ushindani, au umekimbia zaidi ya saa moja, hapo hesabu inabadilika. Mtu wa kilo 70 anaweza kuchoma zaidi ya 600 kwenye mechi ya namna hiyo. Rudisha kama nusu, na uirudishe kwa chakula cha maana: kikombe cha wali uliopikwa na kipande cha samaki wa kuchoma, au maharage na boflo. Samaki, mayai na maharage yanajenga misuli, tena yanakaa tumboni. Soda na juisi ya miwa zinapita tu, na saa mbili baadaye unatafuta tena cha kutafuna.

Wale wa programu za simu, hapa muwe makini. MyFitnessPal, kwa mfano, inaongeza kalori za mazoezi juu ya kiwango chako cha siku. Ikiwa mwanzoni uliijaza kwamba wewe ni mtu wa harakati nyingi, halafu kila jioni unaandika tena jogging, umehesabu tizi moja mara mbili. Chagua njia moja ukae nayo.

Na wewe hamali unayesukuma mkokoteni Malindi, wewe fundi unayepandisha zege juani, kazi yako ndiyo tizi. Usije ukasikia habari za kupunguza kitambi ukaanza kuruka chakula cha mchana. Utaanguka.

Kubana sana nako ni noma

Hapa ninawasemesha hasa kina dada. Nimewaona mabinti wanajog alfajiri, wanashinda kwa chai kavu, na jioni wanarudi tena kwenye tizi. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoipa unaanza kuzima mambo yake ya ndani. Hedhi inakatika, mifupa inadhoofika, majeraha hayaponi, usingizi unaruka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina rasmi na kuwaonya makocha, na wanaume nao wanapatwa. Dada yangu, hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, nenda hospitali, usione aibu. Wembamba haustahili bei hiyo.

Ramadhani nayo ina mtego wake. Wana wengi wanakimbia kabla ya magharibi, kisha futari inakuja na tambi za sukari, kalmati na muhogo wa nazi, na mtu anajiambia amestahili. Futuru kwa tende na maji, sali, halafu kaa na sahani moja. Tumbo likipewa dakika ishirini litasema lenyewe kama bado lina njaa.

Mwisho wa ubishi ni mizani. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Ukishuka kama nusu kilo kwa wiki, uko njia sahihi. Wiki tatu zikipita namba haijasogea, unarudisha kingi kuliko unavyodhani. Ukishuka zaidi ya kilo moja kila wiki na miguu imekuwa mizito uwanjani, ongeza msosi.

Na hata mizani ikigoma, usiache tizi. Linashusha presha, linasaidia sukari ya damu, linaupa moyo nguvu, na faida hizo mtu anazipata hata kabla kilo hazijaondoka. Ukitaka pa kuanzia wiki hii, anza na soda: baada ya tizi iwe maji. Urojo uchagulie siku yake katika wiki, na siku hiyo ikifika, kaa kwenye benchi, ule kwa raha zako.