Dripu moja badala ya saba

MFANYABIASHARA wa ndizi wa Bulyaga, mjini Tukuyu, anajua kuwa maradhi makubwa hula mtaji. Ndiyo maana dawa za nanoteknolojia zinamhusu.

Mfano ni tiba ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, ambayo huua wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Dawa yake, amfoterisini B, ni kali na huumiza figo. Kwa utaratibu wa zamani, mgonjwa aliwekewa dripu kila siku, kwa siku saba au zaidi.

Wataalamu waliifunga dawa hiyo ndani ya vifuko vya mafuta, yakiwamo ya soya. Upana wa kifuko haufiki nanomita 100. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Figo huumia kidogo, hivyo dozi kubwa hutolewa mara moja.

Utafiti uitwao Ambition, uliofanyika Uganda na nchi nyingine nne za Afrika, ulitoa matokeo mwaka 2022. Waliopewa dripu moja na vidonge vya wiki mbili walikufa asilimia 24.8 ndani ya wiki 10. Wa dripu saba, asilimia 28.7. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza tiba hiyo.

Kikwazo ni bei. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji vichupa 12. Kwa bei nafuu iliyotangazwa na mtengenezaji mwaka 2018, dola 16.25 kwa kichupa, hizo ni dola 195.

Nafuu zaidi ni kupima VVU mapema na kutumia ARV bila kukatisha.