Mpaka Ijae: Safari ya Kazini Kati ya Muleba na Bukoba

Mji wa Bukoba una nafasi ndogo. Mashariki kuna Ziwa Victoria, magharibi kuna kilima ambacho barabara kuu hukipanda hadi Rwamishenye, na kati ya maji na kilima umelala ukanda mwembamba wa tambarare unaokatwa na mto Kanoni. Humo ndimo Emin Pasha alimoweka kituo cha Wajerumani mwaka 1890, na humo humo ndimo zilimo leo benki, ofisi za mkoa, soko, stendi na maduka ya jumla. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 128,796 katika manispaa nzima. Lakini kila siku ya kazi mji hupokea wengine ambao sensa iliwakuta kwingine: Katerero, Kemondo, Muhutwe, Kamachumu, na hata Muleba mjini, kama kilomita 70 kusini. Wengi huja kwa Hiace, wengine kwa bodaboda, na wapo wanaokuja kwa gari dogo, lao au la jirani. Hao wa mwisho ndio wanaostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ukipiga hesabu, gari hilo halilingani na mishahara ya wengi wao. Naamini kinachowafanya walinunue ni saa. Wanalipia uhakika wa kufika kazini kwa wakati na wa kurudi nyumbani kabla giza halijawakuta stendi. Kama ni hivyo, uhakika huo unaweza kupatikana kwa bei nafuu zaidi.

Kwanza tuelewe kwa nini hawahamii mjini. Kibanja cha Mhaya ni zaidi ya shamba. Migomba imeizunguka nyumba, kahawa iko katikati ya migomba, maharage yako chini yake, na mara nyingi makaburi ya wazee yapo hapo hapo. Kibanja hurithiwa, na rutuba yake ni jasho la vizazi vilivyobeba samadi na nyasi za rweyani, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, mwaka hadi mwaka. Mwenye nacho halipi pango na ndizi za mezani hazinunui. Akihamia mitaa ya mjini kama Kashai au Hamugembe atalipa kodi ya nyumba, atanunua mkungu sokoni, na nyuma yake magugu yataanza kuimeza migomba. Hapa Bukoba inatofautiana na miji ya Marekani, ambako baada ya Vita Kuu ya Pili mamilioni walitoka mijini kwenda kwenye viwanja vipya vilivyopimwa pembezoni. Viunga vya Bukoba vilikuwepo kabla ya mji wenyewe. Anayelala Kemondo na kufanya kazi Bukoba hajahama popote. Yuko kwao, kazi ndiyo iliyo mbali.

Lami nayo imeongeza eneo ambalo mtu anaweza kuliita karibu. Barabara kuu inayotoka Mutukula, mpakani na Uganda, iliwekwa lami kwa vipande, ikapita Bukoba na Muhutwe, na kipande cha kilomita 154 kutoka Kagoma kupitia Biharamulo hadi Lusahunga kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, alionyesha kwamba watu wa nyakati na nchi mbalimbali hutumia wastani wa kama saa moja kwa siku kusafiri. Mwendo ukiongezeka, hawabaki na muda wa ziada, husogea mbali zaidi. Ndivyo inavyotokea katika ukanda wa Muleba. Safari ambayo zamani mtu aliifunga kwa ajili ya hospitali au mahakama, leo baadhi ya watu huifanya kila siku. Kutoka Kemondo, kama kilomita 20, dereva anayejua njia yuko mjini ndani ya nusu saa hivi.

Dereva huyo lakini ni yule mwenye gari lake. Anayetegemea Hiace anaishi kwa kanuni nyingine, nayo ni kwamba gari huondoka likijaa. Kanuni hii haitokani na ukaidi wa makonda. Mmiliki, ambaye madereva humwita tajiri, anadai hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila jioni. Dereva anajaza mafuta, anamlipa konda na mpiga debe, anatenga hesabu ya tajiri, na kinachobaki ndicho chake. Siku mbaya inamwangukia yeye. Matteo Rizzo, mtafiti aliyefuatilia daladala za Dar es Salaam kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 2017, ameonyesha jinsi utaratibu huu unavyomlazimisha dereva kufanya kazi saa nyingi, kukimbizana na abiria na kujaza gari kupita kiasi. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo hawezi kuondoka na viti vitano vitupu kwa sababu tu saa imefika.

Matokeo yake kwa abiria hutegemea amepandia wapi. Asubuhi, gari linalotoka Muleba likishajaa linapita Muhutwe na Kemondo bila kusimama. Abiria wa kati ya njia anaona konda akipunga mkono kwamba hakuna nafasi, na anabaki akilitazama linalofuata. Jioni mambo hugeuka. Pale stendi Hiace ya kwanza kwenye foleni imejaa nusu, mpiga debe anaita kwamba bado wawili wakati wamebaki sita, abiria waliokwisha kukaa hawathubutu kushuka wasije wakapoteza viti, na injini huwashwa na kuzimwa ili watu waamini kwamba safari imeiva. Dakika hizo za kungoja haziko katika nauli, wala hakuna anayezihesabu, ila mwenye mtoto wa kumchukua shuleni anazijua. Mtumishi wa serikali anaanza kazi saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Huyo ana nafuu, kwa sababu anatoka wakati abiria ni wengi. Karani wa benki anayefunga mahesabu hadi jua lizame, muuza duka, na muuguzi anayemaliza zamu usiku ndio wanaoteseka zaidi, kwa maana wao wanafika stendi wakati magari yamepungua na yaliyopo hayajai.

Kuna jambo jingine la Bukoba, nalo ni mvua ya alfajiri. Usiku maji ya Ziwa Victoria hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa hupanda juu ya ziwa, mawingu hukua, na upepo wa kutoka mashariki huyasukuma hadi ufuo wa Kagera. Ndiyo sababu Bukoba hupata yapata milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi ya hiyo hunyesha kati ya usiku wa manane na katikati ya asubuhi, saa zile zile ambazo watu wanakwenda kazini.  Hapa bodaboda, ambayo kwingineko imekuwa mkombozi wa asiye na gari, inamfikisha mtu ofisini amelowa, kama itakubali kuondoka kabisa. Mtu akishaloa mara kadhaa huku mwajiri akiandika majina ya waliochelewa, anaanza kuuliza bei ya gari dogo la Probox.

Sasa tulipime gari hilo kwa shilingi. Tuchukue petroli kwa shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, ingawa bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi huiweka Bukoba juu ya Dar es Salaam kwa takriban shilingi 200, kwa sababu ya umbali wa kusafirisha mafuta. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita, likitoka Kemondo na kurudi, litatumia kama shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 220,000. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mafuta peke yake yangemla anayelipwa kima hicho zaidi ya mbili ya tano ya mshahara, kabla ya matairi, bima na fundi. Kutoka Muleba hesabu inafika kama 770,000 kwa mwezi. Na tangu mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kila lita imebeba sehemu kubwa zaidi ya gharama. Anayesafiri kila siku ndiye anayechangia zaidi.

Kwa hiyo mwenye gari anafanya jambo la busara: anabeba watu. Jirani mwalimu hukaa mbele, wawili au watatu nyuma, kila mmoja anachangia mafuta. Tofauti na Marekani, ambako kabla ya korona karibu robo tatu ya wafanyakazi walikwenda kazini kila mmoja peke yake ndani ya gari lake, huku gari la kazini ni la kushirikiana. Kutoka hapo ni hatua moja tu hadi mchomoko, yaani gari dogo linalobeba abiria kwa nauli kama daladala. Mimi siwalaumu wanaolifanya hilo. Hata hivyo abiria wake wanastahili kujua kwamba gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halikusudiwi kubeba abiria wa kulipa, na ikitokea ajali, madai yao yanaweza kukataliwa. Aliyelipa shilingi zile zile ambazo angelipa kwenye Hiace anaweza kujikuta na mguu uliovunjika na hana wa kumdai.

Wapo watakaosema tatizo hili limekuzwa, kwamba Bukoba ni mji mdogo na foleni yake huisha kabla redio haijamaliza taarifa ya habari. Ni kweli kwa leo. Dar es Salaam nayo ilikuwa na watu 843,090 katika sensa ya 1978. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728, na mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria Mei 2016 tu, baada ya mamilioni kuwa wamekwisha jenga mbali na kupanga maisha yao kwa kufuata barabara chache. Bukoba haitafika huko. Lakini tambarare yake haiwezi kupanuliwa, na mji wenye njia chache za kushuka kilimani unaweza kuziba kwa magari machache kuliko watu wanavyodhani. Mazoea ya usafiri nayo ni magumu kuvunja. Aliyekwisha kukopa ili anunue gari halirudishi kwa sababu Hiace zimeboreshwa. Kwake gharama kubwa imeshapita.

Wengine wanasema barabara ipanuliwe. Kupanua kuna faida zake, hasa kwa usalama wa waendao kwa miguu kwenye mteremko wa Rwamishenye, na sipingi. Ila kupanua hakumpi abiria wa Kemondo kiti saa moja jioni. Mchumi wa Marekani Anthony Downs aliandika tangu 1962 kwamba barabara ya mjini ikipanuliwa, saa za msongamano hujaa tena hadi ilipokuwa. Houston, Texas, ilipanua barabara yake ya Katy hadi njia 26 katika sehemu pana zaidi, kazi iliyokwisha mwaka 2008, na baada ya miaka michache safari ya jioni ilikuwa imerefuka tena. Wapo pia wanaoona gari ni haki na heshima ya aliyehangaika, na hao nakubaliana nao kabisa. Anayetaka gari alinunue kwa sababu analitaka. Ninachopinga ni kumlazimisha karani auze ng'ombe na kukopa SACCOS kwa sababu hakuna namna nyingine ya kufika zamu yake.

Pingamizi zito zaidi ni la wenye Hiace wenyewe: gari likiondoka nusu tupu, nani atafidia? Wana haki ya kuuliza, maana bila jibu ratiba itabaki karatasi iliyobandikwa ukutani mwa stendi. Tuseme kuna Hiace moja ya viti 14 inayoondoka Bukoba kwenda Kemondo saa 1:00 jioni kamili kila siku ya kazi, ijae isijae. Tuseme kila siku inakosa abiria 7, na nauli ni shilingi 1,500. Pengo ni shilingi 10,500 kwa siku, 231,000 kwa mwezi. Hiyo ni takriban petroli ya gari moja tu la mfanyakazi wa Kemondo. Magari yanayoingia stendi hulipa ushuru, na sehemu ndogo ya ushuru huo ingeweza kuliziba pengo hilo. Au benki mbili na hospitali moja zikakubaliana kuchangia kwa ajili ya watumishi wao, ambao leo wanachelewa na kuomba ruhusa za kuondoka mapema. Abiria wakishaamini kwamba gari lipo saa hiyo, viti vitupu navyo hupungua, kwa sababu waliokuwa wakiondoka kazini mapema kuliwahi la mwisho, na waliokuwa wakidandia mchomoko, watarudi.

LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ndiyo inayotoa leseni za njia na inaweza kuweka saa ya kuondoka kuwa sharti la leseni kwa safari chache, si zote. Hakuna haja ya kuondoa kanuni ya kujaza mchana, wakati abiria ni wengi na hakuna anayewahi. Safari mbili za alfajiri zinazoanzia Kemondo na Muhutwe badala ya Muleba, ili abiria wa kati ya njia wapate viti, na mbili za jioni kutoka stendi, moja kwa wanaotoka dukani na nyingine kwa wa zamu ya usiku, zinatosha kwa kuanzia. Na ikiwa siku moja stendi itahamishwa kutoka katikati ya mji, safari hizo nne zibaki zikianzia na kuishia karibu na soko na hospitali, maana abiria akilazimika kuongeza bodaboda kila upande, ataanza tena kuuliza bei ya Probox.